Ndizi wa Uyole: mjusi asiye na magamba na lawama iliyokosea mlango

Aliletwa Jumamosi ya wiki ya pili ya Julai, saa nne asubuhi, ndani ya ndoo ndogo ya rangi iliyofunikwa kitenge. Nilijua ni kifaranga. Mwenye ndoo, mwalimu mstaafu wa sekondari anayeishi Uyole, alifunua kitenge taratibu, akasogea pembeni kama mama anayeonyesha mtoto mwenye surua. Ndani kulikuwa na mjusi mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, wa njano iliyofifia, mwili umekunjamana kama soksi iliyoshuka, na hana gamba hata la dawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anaitwa Ndizi, maana amekaa kama amemenywa. Naomba umwangalie. Hana magamba, sasa kila kitu kinamwingia."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye kadi kama alivyoitamka. Kwa siku mbili niliiamini, na siku hizo mbili nusura zimmalize Ndizi.

Mimi ni daktari wa mifugo. Mikono yangu imezoea ng'ombe wa maziwa, kuku, mbwa, na nguruwe wengi kuliko ninavyopenda. Mjusi wa kufugwa ndani ya nyumba ni mgonjwa anayekuja hapa Mbeya mara chache sana, na huyu hakuwa mjusi wa kwetu. Ni mjusi-ndevu, anayetoka sehemu kavu za ndani ya Australia. Wa kawaida ana magamba yenye miiba midogo ubavuni na kidevuni, ndiyo maana ya ndevu. Aina hii isiyo na magamba haipo porini kama kabila la wanyama; imezalishwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani, wanaoiita silkback kwa ulaini wa ngozi yake. Ndizi aliingia nchini na mpangaji wa mwalimu, mgeni aliyekuwa na mkataba wa mradi fulani. Mkataba ukaisha mwezi wa nne, mgeni akaondoka, akaacha sanduku la kioo, taa, bahasha ya vibali na karatasi moja ya maelekezo. Mwalimu hakuombwa sana. Alisema tu asingeweza kumtupa kiumbe anayemwangalia usoni.

Nilipompima alikuwa na gramu 248. Kwa urefu wake ningetarajia 300 na zaidi. Macho yalikuwa yamezama. Jicho la kulia lilitoa ute, na chini ya kope palikuwa na kipande cha pumba. Mgongoni, katikati ya mabega, palikuwa na jeraha la mviringo, sawa na mdomo wa kikombe cha kahawa, jekundu pembeni na lengelenge katikati. Vidole viwili vya mguu wa nyuma wa kushoto vilikuwa vimebanwa na pete za ngozi ya zamani, kimoja kimeshakuwa cheusi. Mkiani niliona vijeraha vidogo kama alama za sindano. Ule weupe wa mkojo, ambao kwa mjusi hutoka pamoja na kinyesi kama wa kuku, ulikuwa wa manjano na mgumu kama chaki. Mwili mzima uliteleza kwa mafuta.

"Ya nazi," alisema mwalimu. "Mpwa wangu alisoma kwamba asiye na magamba anakauka maji. Nampaka asubuhi na jioni."

Hapa niseme jambo moja kwa madaktari wenzangu. Kwa mbwa au ndama tunavuta ngozi ya shingo na kuangalia inarudi haraka kiasi gani. Kwa mjusi huyu kipimo hicho hakina maana, kwa sababu ngozi yake imelegea na imejaa mikunjo hata akiwa mzima kabisa. Angalia macho, angalia mate kama yanavutika kama uzi, angalia ule weupe wa mkojo. Kwa Ndizi vyote vitatu vilisema kitu kimoja: maji yameisha.

Kwenye kadi niliandika: kuungua na jua, upungufu wa maji, chanzo ni kukosa magamba. Nikajaza bomba la sindano mililita 5 za ringa lakteti, yale maji ya dripu, yaani mililita 20 kwa kilo, nikamchoma chini ya ngozi ya ubavu kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo. Ngozi ikavimba kama baluni. Tone moja likarudi kupitia tundu la sindano, kwa kuwa ngozi ile haina unene wa kujifunga. Nikasafisha jeraha, nikampa mwalimu dawa ya kupaka, nikamwambia aache mafuta na amlete Jumatatu.

Msaidizi wangu alishauri tumchome pia enrofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria tunayotumia kwa kuku, maana ipo kila duka la dawa za mifugo kuanzia Mwanjelwa hadi Mbalizi. Nilikataa. Dawa hiyo ikidungwa huunguza nyama pale inapoingia, na kwa mjusi mwenye ngozi kama karatasi ya sigara tungemwongezea kidonda cha pili. Kwa siku ile, hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa.

Jumatatu mwalimu alirudi na ndoo yake. Nilipofunua kitenge nilishtuka: ule uvimbe ulikuwa bado upo. Maji ya Jumamosi yalikuwa yameshuka tu yakaning'inia chini ya tumbo kama mfuko, baada ya saa arobaini na nane. Hayakunyonywa. Niliingiza kipimajoto kwenye tundu la haja, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo, kikasoma nyuzi 18.6.

Mjusi-ndevu mzima anayejiotea vizuri hukaa karibu na nyuzi 35. Kwa nyuzi 18 moyo unakwenda polepole, damu haizunguki vya kutosha kubeba maji kutoka chini ya ngozi, figo zimelala, tumbo limelala, na kinga ya mwili nayo imelala. Nilikuwa nimemwagia maji mnyama aliyefungwa kama duka la siku ya msiba. Mtambaazi hana jiko ndani ya mwili wake. Joto analikopa nje. Nililijua hilo tangu chuoni, ila macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye ngozi.

Nikamwambia mwalimu, "Leo jioni nakuja nyumbani."

Julai ya Uyole haihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Mahali pako karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, upepo wa kusini unashuka kutoka milima ya Poroto, na ifikapo saa kumi na mbili jioni kila mtu kajifunga blanketi. Sanduku la Ndizi lilikuwa sebuleni, la kioo pande zote, limesogezwa dirishani. Nilikuwa na kile kipimajoto cha bunduki cha enzi za korona. Ukikitumia, kiweke kwenye kupima vitu na siyo paji la uso, vinginevyo kitakudanganya. Sakafu ya sanduku ilisoma nyuzi 16. Juu ya tawi, chini ya balbu, 52. Kati ya hapo na hapo hapakuwa na kitu: jehanamu upande mmoja, barafu upande mwingine.

Balbu ilikuwa imening'inia kwa waya, kama sentimita 8 juu ya tawi. Nikauliza nani aliishusha. Mpwa, kijana mwerevu wa kidato cha tano, akainua mkono kama yuko darasani. "Niliona anatetemeka, Dokta." Mjusi hatetemeki kwa baridi kama sisi, lakini kijana aliona kitu cha kweli: mnyama aliyekuwa akijibana kwenye ukingo wa mwanga asubuhi nzima.

Nikapima upana wa balbu. Ulilingana na jeraha la mgongoni. Basi halikuwa jua. Mjusi aliyepoa hadi mifupani hukaa chini ya chanzo cha joto bila kuondoka, kwa kuwa ndani bado ni baridi hata kama mgongo unaiva. Nimeshaona nguruwe wadogo wakifanya hivyo chini ya taa.

Kisha nikaomba ile karatasi ya maelekezo. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mpangilio, na mtu anayempenda mnyama wake. Ilisema: mchana taa moja ya kuotea, usiku zima taa zote. Ilisema: usiweke chanzo cha joto cha usiku, si lazima. Ilisema: mtoe barazani dakika thelathini saa sita mchana, Jumamosi na Jumapili.

"Mgeni alikuwa anaishi wapi kabla ya hapa?"

"Masaki," alisema mwalimu. "Alihamia Mbeya Februari."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Karatasi ile ilikuwa sahihi, kila mstari. Ilikuwa sahihi Dar es Salaam, ambako usiku wa joto unaweza kukaa nyuzi 25 na mjusi wa Australia akalala bila wasiwasi wowote. Februari Mbeya bado kuna mvua na usiku si mkali sana, hivyo Ndizi aliuvumilia. Juni ilipoingia, mwalimu aliendelea kufuata karatasi kwa uaminifu wa mwalimu, akazima kila kitu saa mbili usiku. Nilimwachia kipimajoto akaniandikia asubuhi iliyofuata: saa kumi na mbili na nusu, ndani ya sanduku, nyuzi 11.

Ukishajua hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Usiku wa baridi ukamfanya aamke saa tano badala ya saa tatu. Kwa kuwa hakupata joto la kutosha, chakula hakikusagika, akaacha kula. Asiyekula hapati maji, maana sehemu kubwa ya maji yake huyapata kwenye majani na wadudu. Kijana akashusha balbu, balbu ikamuunguza. Wale nyenje aliopewa wakabaki sandukuni usiku bila kuliwa, wakamtafuna mkia akiwa amelala kama gogo. Umeme ulipokatika mara mbili wiki ile, mwalimu aliwasha jiko la mkaa akaliweka kando ya sanduku na kufunga mlango. Nilipolisikia hilo nilisahau mjusi kwa muda. Nyanda hizi kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Nilimwambia mwalimu, kwa heshima yote, kwamba jiko hilo lingemchukua yeye kabla ya Ndizi.

Sasa turudi kwenye magamba, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba lawama. Imani kwamba gamba ndilo linalozuia maji kutoka imeenea sana, na inaingia akilini kirahisi. Ila mwaka 1972 Licht na Bennett wa Marekani walimpata nyoka aliyezaliwa bila magamba, wakapima maji anayopoteza, wakakuta hayazidi ya mwenzake mwenye magamba. Mwaka 1980 Roberts na Lillywhite wakaonyesha mlango wenyewe uko wapi: ni tabaka la mafuta asilia ndani ya ngozi. Walipoyaondoa mafuta hayo kwa kemikali kwenye ngozi ya nyoka iliyovuliwa, maji yakapita kwa wingi. Nyoka si mjusi, na sitaki kuvuta ushahidi zaidi ya unapofika, lakini inatosha kumwambia mpwa kwamba mafuta ya nazi ya juu juu si yale mafuta. Yalichofanya ni kukamata vumbi na pumba, na kugandisha kingo za ngozi iliyotaka kubanduka.

Hata hivyo gamba si pambo. Kazi yake ni ngao. Ndizi hana vile vimiiba vya pembezoni mwa jicho vinavyokinga mchanga, ndiyo maana pumba iliingia. Hana ugumu wa kumzuia nyenje. Vidoleni, ngozi yake ikibanduka hubaki kama pete ya nyuzi, inakauka, inabana, damu haipiti. (Kujivua gamba, usemi ambao wanasiasa wetu waliuchosha, kwa huyu ni kazi ya hatari kweli.) Na joto ambalo kwa mjusi wa kawaida lingeacha wekundu wa siku tatu, kwake liliacha lengelenge. Kwa hiyo kukosa magamba hakukumletea Ndizi ugonjwa. Kulifupisha tu njia kutoka kwenye kosa la mtunzaji hadi kwenye jeraha. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu ukiamini kwamba chanzo ni magamba, utakaa unapaka mafuta huku mnyama anakufa kwa baridi.

Jumatatu usiku nilianza upya, safari hii kwa mpangilio. Kwanza joto. Nilimweka kwenye beseni lenye taulo, kando yake chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa soksi, chumba kikiwa na hita. Nilimpandisha polepole, kwa muda wa saa tatu nzima, kutoka nyuzi 18 hadi 30. Ilipofika saa nne usiku, ule mfuko wa maji uliokuwa umening'inia tumboni ulianza kupungua mbele ya macho yangu. Kufikia asubuhi haukuwepo. Sikumwongezea hata tone. Maji ya Jumamosi yalikuwa yakisubiri tu mwili ufunguliwe.

Alfajiri alilamba matone kwenye ncha ya bomba la sindano. Ndipo nikampa maji kidogo kidogo kwa mdomo. Chakula hapana, si siku hiyo wala iliyofuata. Mjusi baridi aliyekaukiwa maji ukimlazimisha kula, chakula kinaozea tumboni.

Jeraha nililiosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, nikapaka utando mwembamba wa silva salfadiazini, krimu ile ile ya watu walioungua. Mchanga wote ulitolewa sandukuni, tukatandika karatasi za jikoni ili uchafu uonekane na ubadilishwe kila siku. Kwa kuwa lengelenge lilikuwa limepasuka na pembeni pananuka kidogo, nilichagua seftazidimu, dawa ya kuua bakteria, kutoka duka la dawa za binadamu, miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa 72. Kwa gramu 248 ni miligramu 5, tone dogo tu kwenye bomba la sindano ya insulini. Nilimchoma msuli wa mguu wa mbele. Kwa watambaazi, damu ya nusu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka mwili, hivyo ni desturi nzuri kuchoma mbele. Dawa ya maumivu nayo niliianza siku ya tatu, baada ya kuona ule weupe wa mkojo umelainika, nikijua sasa figo zina maji ya kufanyia kazi.

Pumba ya jicho ilitoka yenyewe baada ya kusuuza mara nne. Vidole vilichukua muda mrefu zaidi. Kila jioni mwalimu alivifunga kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha akasugua kwa kijiti cha masikio kuelekea nje, kamwe asivute. Kidole kimoja kilipona. Kile cheusi kilikauka kikadondoka chenyewe wiki ya tatu, na mwalimu akakihifadhi kwenye kiberiti, sijui kwa nini na sikuuliza.

Nyumbani ndipo palipokuwa na kazi. Hita za kauri wanazotumia wafugaji wa nje sikuzipata mjini, na taa nyekundu ya kulelea vifaranga, ile ya wati 250, ingemchoma kwenye sanduku dogo kama lile. Suluhisho lilitoka kwa wafuga kuku hata hivyo. Fundi wa inkubeta wa Soweto, hapa hapa Mbeya, alituuzia kidhibiti joto, kile cha kutotolea mayai, chenye waya wa kihisio. Balbu mbili za wati 60 zikawekwa nje ya wavu ili mjusi asiweze kuzigusa, moja ya mchana kwa kuotea. Ya pili tuliipaka rangi nyeusi ya jiko, tukaiacha iwake nje kwa saa kadhaa hadi moshi wa rangi uishe, ndipo ikafungwa kwa kazi ya usiku. Kuta tatu za sanduku zilifunikwa kwa foamu za maboksi ya samaki, na mbele pazia la blanketi lenye nafasi ya hewa. Kihisio kiliwekwa upande wa baridi, kikazuia usiku usishuke chini ya nyuzi 20. Sehemu ya kuotea tuliishusha hadi 37. Mjusi mwenye magamba ningempa 40 au zaidi kidogo. Kwa huyu niliacha nafasi ya makosa. Umeme ukikatika, ni chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, zinabadilishwa saa tisa usiku. Mpwa ndiye mwenye zamu hiyo.

Kuhusu jua, karatasi ya Masaki ilihitaji marekebisho mawili. Ile taa ndefu ya mionzi ya UVB ilikuwa na miaka miwili. Taa hizo huendelea kuwaka vizuri tu lakini mionzi yake hufifia, na wengi huzibadilisha kila mwaka. Kukaa dirishani nako hakusaidii, kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, na bila UVB mjusi hatengenezi vitamini D ya kumwezesha kutumia kalsiamu. Upande mwingine, jua la nje la Mbeya ni kali kuliko baridi inavyokudanganya: mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Unasikia upepo, unajua jua ni la huruma, kumbe linachoma. Tuliafikiana saa mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, siku isiyo na upepo, dakika kumi na tano, ndani ya kitenga chenye wavu, nusu kivuli ili achague mwenyewe. Siyo juu ya mabati, siyo juu ya saruji ya saa sita.

Chakula nilikipitia haraka, ila mawili yalinikwaza. Alikuwa akipewa mchicha kila siku. Mchicha una oksaleti zinazoshika kalsiamu, basi uwe wa mara moja moja, na siku nyingine majani ya maboga, chainizi, figiri, maua ya maboga. La pili ni parachichi. Rungwe na Njombe parachichi ziko kila kona na mtoto wa jirani alikuwa anamletea vipande kwa mapenzi. Sumu yake inajulikana kuua ndege na kudhuru mbuzi, farasi na sungura; sioni sababu ya kumfanya Ndizi awe wa kujaribiwa. Panzi wa shambani pia nilikataza, labda ujue mwenye shamba hajapuliza dawa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mahindi mengi yanapulizwa.

Siku ya tano alijisaidia, weupe laini. Siku ya sita alikula ua la boga, akalidondosha, akalila tena. Mwisho wa Julai alikuwa na gramu 261, mwisho wa Agosti 284, na katikati ya Oktoba, joto lilipoanza kurudi, 309. Mgongoni amebaki na kovu la mviringo lisilo na rangi. Kila akibanduka ngozi, pale ndipo pa mwisho kuachia.

Septemba kijana mmoja wa Dar alimpigia mwalimu simu. Aliona picha za Ndizi kwa mpwa, akataka kumkodi kwa ajili ya kuzalisha, na dau lilikuwa zuri. Mwalimu akaniuliza. Nilimweleza kinavyokwenda: mjusi mwenye nakala moja ya kasoro hii, aliyoirithi kwa mzazi mmoja tu, huwa na magamba madogo laini na anaishi vizuri; mwenye nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, hana kabisa. Ukipandisha wawili wa nakala moja, kwa wastani mmoja kati ya watoto wanne atakuwa kama Ndizi. Mwaka 2016 Di-Poï na Milinkovitch walionyesha kwamba kwa mjusi-ndevu kasoro hiyo iko kwenye jeni iitwayo EDA, na kwamba vile vinundu vya awali vinavyoota gamba kwenye kiinitete havitokei. Jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu, mtoto huzaliwa na meno machache, nywele haba na tezi za jasho pungufu. Hakuna mzazi anayeichagua. Halafu kuna kujamiiana kwenyewe: dume hung'ata shingo ya jike, na ngozi hizi huchanika. Nilimwambia ningekuwa mimi nisingekubali, lakini mjusi ni wake.

Alinyamaza kidogo. "Na kinyonga je? Mpwa anataka kumtafutia mwenzake, wale wa pembe tatu wa Poroto."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa hatanii. Yule kinyonga ni wa milima hii hii, na kumkamata na kumfuga bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Zaidi ya hapo anataka ubaridi na unyevu, yaani kinyume cha kila tulichokijenga kwenye lile sanduku. Mpwa alipewa kazi ya kuandika upya karatasi ya maelekezo badala yake. Juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa: UYOLE. Chini yake kuna safu mbili, Juni hadi Agosti na miezi mingine.

Dau la Dar alilikataa. Kila asubuhi bado ananiandikia ujumbe, ingawa nilimwambia inatosha mara moja kwa wiki. Wa jana ulisema: "Dokta, usiku hakushuka chini ya 21. Juu 37. Amekula majani ya maboga matatu na nyenje wawili. Nyenje wa tatu amekimbilia chini ya kabati, tunamtafuta."